Somo: Kujua setilaiti itapita lini Mombasa (soma kabla ya kuuliza)

Kila wiki naulizwa kuhusu kile kituo cha anga za juu, "ISS inapita saa ngapi?" Nimechoka. Pigeni hesabu wenyewe.

1. Pakua Gpredict, programu ya kupigia hesabu za setilaiti. Ni ya bure.

2. Sasisha TLE, zile takwimu za obiti. Za ISS zikichakaa, saa zinapotea.

3. Weka mahali ulipo. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mombasa iko nyuzi 4.05 kusini, 39.67 mashariki. Mimi niliacha kaskazini. Programu haikulalamika, ikanipeleka Ethiopia, mbele kidogo ya Moyale, kilomita 900 hivi kutoka kwangu. Na saa zilikosea dakika chache tu, kwa hiyo sikushuku kitu! Mwezi mzima nasimama Mama Ngina, pale ufukweni, antena imeelekea pasipo na kitu, wauza madafu wananicheka. Programu nyingine hazina neno kusini: andika -4.05, na hiyo alama ya kutoa usiisahau. Kisha tazama ramani. Kama hauko karibu na bahari, rudia.

4. Saa za UTC (saa za kimataifa), jumlisha 3 upate za hapa.

5. Chagua mpito unaopanda kupita nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Chini ya hapo maghorofa yanakula mawimbi.

6. Isikilize ISS kwa redio, 145.800 MHz. Kusikiliza tu, kurusha kunataka leseni.

Maswali

— Imeandikwa 10:14 UTC. Nimetoka saa kumi jioni, kimya.

Hatua ya 4. Ni saa saba na dakika 14 mchana.

— Kaka, si uniambie ya leo tu?

Hatua ya 1 hadi ya 5.

— Shikamoo. Setilaiti ya SO-50 naipata katikati ya mpito tu, mwanzo na mwisho inakwaruza. Redio mbovu?

Marahaba, dada. Redio nzima, hiyo ni Doppler, masafa kubadilika kwa sababu ya mwendo wa setilaiti. Ikija, masafa yanapanda karibu kHz 10. Ikiondoka, yanashuka vivyo hivyo. Hifadhi chaneli tano: 436.805, 436.800, 436.795, 436.790, 436.785, ushuke moja moja. Skwelchi, ile inayozima mikwaruzo, fungua kabisa. Sauti ikififia, zungusha antena mkononi kama unayefungua kitasa.

— Antena yenyewe umenunua wapi?

Sikununua. Futi ya chuma ya fundi, nimeikata vipande juu ya bomba la plastiki.

— Yangu kama hiyo imeshika kutu.

Chumvi ya bahari hiyo. Viungo vya risasi vipake rangi ya kucha. Ya mke wangu imeisha.