Kupiga rangi Land Rover 110 ya zamani bila kuifungua yote

Gari nitakalolitumia kama mfano ni Land Rover 110 ya miaka ya tisini, lililobeba watalii kwa muda mrefu kutoka Arusha kwenda mbugani. Lilipoletwa kwangu lilikuwa limepigwa rangi upya miaka miwili tu nyuma, na rangi hiyo ilikuwa inabanduka vipande vipana kama viganja. Nilipokwangua kwa kucha niliona aluminiamu tupu chini yake, safi, haina hata mkwaruzo. Rangi haikuwa na kitu cha kushika.

Watu wengi hudhani rangi imebanduka kwa sababu gari halikufunguliwa lote. Si kweli. Unaweza kuacha milango kwenye bawaba zake, vioo vikubwa mahali pake na injini ndani, na rangi ikadumu, mradi ujue kila sehemu unayoigusa ni metali gani.

1. Osha, kisha zunguka na sumaku

Osha gari lote kwa maji mengi na sabuni, hasa kwenye mifereji ya paa, chini ya milango na nyuma ya matairi, ambako udongo mwekundu hujificha. Likikauka, chukua sumaku (ile ya spika mbovu inatosha) na chaki. Inaponata andika C, chuma. Isiponata andika A, aluminiamu.

Tangu Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, bodi imetengenezwa zaidi kwa aloi ya aluminiamu, kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Lakini chesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, ukuta unaotenga injini na abiria ni chuma, na milango mingi ya 110 ina fremu ya chuma iliyovikwa ngozi ya aluminiamu. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana ukingo wa chini wa mlango hutoa malengelenge na unga mweupe kabla ya sehemu nyingine yoyote. Sumaku isiponata mahali unapojua pana chuma, chini yake pana puti nene (ule udongo wa kujazia mibonyeo), na hapo jiandae.

2. Toa vinavyofungwa kwa nje tu

Taa zote, grili, vioo vya pembeni, vitasa, wipa, nembo, karia na tairi la spea. Boneti nayo itoe, watu wawili mnaimaliza kwa dakika chache, na utaweza kufika kwenye ukingo wa ukuta wa mbele ambako kutu hupenda kuanzia. Tia skrubu za kila sehemu kwenye mfuko wake na uandike jina. Usijaribu kupaka rangi kuzunguka kitasa kwa tepu. Mstari ule ndio utakaoanza kufunguka.

Ukitaka kubadilisha rangi ya gari, kumbuka kuwa kadi ya usajili imeandikwa rangi yake. Ulizia TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) utaratibu kabla hujanunua kopo.

3. Mafuta kwanza, msasa baadaye

Hatua hii hufanywa kinyume mara nyingi, na hasara yake ni kubwa. Ukipiga msasa juu ya grisi au dawa ya kung'arisha matairi, unaisukuma iingie kwenye mikwaruzo. Baadaye rangi itakukataa na kufanya vidundu vya duara. Tumia dawa ya kutoa mafuta na vitambaa viwili: kimoja chenye dawa, kingine kikavu kinachofuata papo hapo kabla dawa haijakauka.

4. Msasa

Rangi ya zamani iliyoshika imara haina haja ya kutolewa. Ipige msasa namba 320 hadi mng'ao wote uishe, na kingo za mahali palipobanduka uzilainishe mpaka kidole kisihisi ngazi. Iliyolegea yote iondoke. Vaa barakoa ya vumbi, na kwenye rangi za zamani sana piga msasa kwa maji, maana baadhi zina madini ya sumu ya risasi.

Penye C: kwangua kutu kwa brashi ya waya au grainda mpaka uone chuma cheupe. Pakiwa na tundu, kata na uchomelee kipande. Puti juu ya tundu la kutu hunywa maji kutoka nyuma, na malengelenge yatarudi masika ya kwanza.

Penye A: brashi ya waya ya chuma ikae mbali kabisa. Inaacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu, nazo zitaila kutoka chini ya rangi. Tumia msasa namba 180 kwa mkono, ondoa unga mweupe wote, malizia na 320.

Puti ipige kwenye mibonyeo tu. Vichwa vya riveti na maungio ya bodi yaache yaonekane. Land Rover hutikisika na kujipinda njiani, na puti iliyozibwa juu ya ungio itapasuka kwa kufuata mstari uleule. Mfereji wa paa unaovuja uzibe kwa silanti ya poliuretheni. Ya silikoni haipokei rangi.

5. Kufunika

Funika kwa karatasi safi na tepu ya mafundi rangi. Gazeti moja halitoshi, rangi hupenya, weka mawili. Mpira wa kioo cha mbele usiufunike juu juu: chukua waya wa umeme wenye ganda, unene wa milimita 3 hivi, uusukume chini ya ukingo wa mpira kwa kijiti cha mti. Mpira utanyanyuka, rangi itaingia chini yake, na ukiutoa waya mpira utalala juu ya rangi kana kwamba kioo kilitolewa. Funika pia kibati cha namba ya chesi, matairi na breki.

6. Praima

Aluminiamu iliyosuguliwa huanza kujitengenezea utando mpya mara moja, kwa hiyo ipige praima, yaani rangi ya msingi, siku hiyohiyo, tena ndani ya saa chache. Mimi natumia praima ya epoksi juu ya metali zote mbili, maana inashika aluminiamu na inazuia unyevu kwenye chuma. Wengine hutumia praima ya asidi kwenye aluminiamu. Nayo ni nzuri ikipigwa nyembamba sana, lakini isiwe juu ya puti, na soma kopo kujua praima gani inakubali kupigwa juu yake. Ikikauka, msasa wa maji namba 400, kisha 600.

7. Rangi yenyewe

Hapa nasema kwa uzito. Rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuikaza rangi) zina isosayaneti, kemikali inayoweza kukupa pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakisaidii kitu. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Usipoweza kuipata, chagua rangi isiyo na hadina, kubali kwamba haitakuwa ngumu kiasi hicho, na ulinde mapafu yako.

Chagua siku kavu. Arusha mwezi wa Juni na Julai asubuhi kuna baridi na unyevu, subiri jua lipande. Mwagia sakafu maji ili vumbi lilale. Milango ianze: ifungue, paka miimo na kingo, acha hadi kesho, sugua kidogo mpaka wa rangi hiyo, kisha funga na upige nje. Anzia paa, shuka ubavuni, boneti ipige pembeni juu ya stendi. Bunduki ya kupulizia rangi iwe na tundu la milimita 1.3 au 1.4, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na kila pito lifunike nusu ya lililotangulia. Tabaka la kwanza jepesi, halafu mawili kamili, ukipumzika dakika 10 hadi 15 katikati au kama kopo linavyosema. Mkono ukisimama, rangi itachirizika. Anza kutembea kabla hujabonyeza.

8. Kurudisha

Toa tepu rangi ikiwa bado laini kidogo, ukiivuta kwa kuikunja nyuma. Vitasa na taa virudi baada ya siku mbili au tatu. Kila skrubu ya chuma inayoingia kwenye aluminiamu ipake grisi na uiwekee washa ya nailoni chini ya kichwa, ili metali hizo mbili zisigusane tena. Nta isipakwe mwezi wa kwanza.