Suiti Ni Kubwa, Lakini Mnatoshea Wangapi? Jinsi ya Kubuku Hoteli Kisumu au Nakuru Ukiwa na Familia

Wacha nianze na vile nilijifunza hii kitu. Tulikuwa tunatoka Nakuru kwenda Kisumu kwa ayie (sherehe ya Waluo ya mambo ya ndoa) ya binamu ya bwanangu, mimi, yeye, watoto wanne na shosho yao, yaani nyanya yao, nikaona suiti moja kwa simu, picha zinaonyesha sebule kubwa, makochi, tivi ukuta mzima, nikasema basi hapa tumefika, nikatuma dipositi. Tukaingia saa tatu usiku, malori ya Salgaa yametuchelewesha na mvua ya Kericho ikamalizia, watoto wamelala kwa gari, dada wa risepsheni akatuhesabu kwa macho pole pole halafu akauliza, "Madam, nyinyi wote ni wa chumba kimoja?" Kumbe suiti ilikuwa ya watu wazima wawili na mtoto mmoja. Tulilipa chumba kingine usiku huo kwa bei ya mtu aliye kwa shida, na shosho hakuacha kuitaja hiyo pesa mpaka Jumapili.

Nusu ya kosa ilikuwa yangu. Suiti ni ukubwa wa nafasi, si hesabu ya vichwa. Nyingi ni chumba kimoja cha kulala, kitanda kimoja kikubwa, na sebule kando, zimepangiwa mtu wa mkutano au maharusi. Zile ndogo hata hazina mlango kati ya kitanda na sebule, kwa hivyo mtoto akiwasha katuni asubuhi nyote mmeamka. Na usidanganywe na nyota, Tourism Regulatory Authority, ile ofisi ya serikali ya utalii, inapanga hoteli mpaka nyota 5 lakini hizo nyota hazikuambii watoto wako watalala wapi.

Pia elewa kwa nini wanakataa, ndio usiende kugombana na msichana wa risepsheni ambaye hakuitunga hiyo sheria. Kukitokea moto lazima wajue kuna watu wangapi ndani na watatokea wapi. Halafu kuna maji, taulo, na chai ya asubuhi, ambayo imepigiwa hesabu kwa kila kichwa.

Sasa, kitu cha kwanza ni miaka ya watoto. Usiseme "niko na watoto wanne", sema mwenye 13, mwenye 9, mwenye 5 na wa mwaka 1. Kila hoteli iko na mstari wake, lakini mara nyingi mdogo kabisa analala bure kitanda cha wazazi, wa katikati analipiwa kiasi, na akifika 12 hivi anahesabiwa mtu mzima hata kama bado anaogopa giza. Ukibuku kwa Booking.com jaza watoto na miaka yao kabla ya kusaka, usiweke watu wazima wawili tu ndio bei ikae chini, hiyo bei itakupata mlangoni. Airbnb nao wana yao, mtoto chini ya miaka 2 hahesabiwi kwa idadi ya wageni, lakini kuanzia 2 anahesabiwa.

Cha pili, uliza vitanda kwa lugha ya fundi. "Kitanda kikubwa" haina maana. Ni futi 4 kwa 6, 5 kwa 6 ama 6 kwa 6? Kwa 6 kwa 6 wazazi wawili na mtoto mdogo wanalala vizuri, kwa 4 kwa 6 mmoja wenu ataona alfajiri akiwa macho. Uliza kama kochi linafunguka kuwa kitanda ama ni kochi tu, na kama wanaruhusu kitanda cha ziada ndani ya suiti, vinaingia vingapi na kila kimoja ni pesa ngapi kwa usiku. Kuna mahali "kitanda cha ziada" ni godoro la sponji chini sakafuni, na hapo Kisumu inakuletea shida nyingine, maana neti imefungwa juu ya kitanda kikubwa na mtoto wa chini analiwa na mbu usiku kucha. Malaria ya upande wa ziwa hamwezi kuichezea, kwa hivyo uliza neti ya hicho kitanda, ama beba yako na kamba. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu, pale uliza blanketi za ziada badala ya feni.

Mimi siku hizi natuma meseji ya WhatsApp kabla sijatuma hata shilingi, unaweza kuichukua hivyo ilivyo:

"Habari. Tunakuja watu wazima 3 na watoto 4, miaka 13, 9, 5 na 1, usiku 2, Ijumaa mpaka Jumapili. Je, hiyo suiti inaruhusu watu wangapi jumla? Vitanda ni vingapi na vya saizi gani? Kitanda cha ziada ni bei gani, na kina neti? Chai ya asubuhi ni ya watu wangapi? Bei iko na kodi zote ndani?"

Wakijibu "hakuna shida madam, mtatoshea tu", hilo bado si jibu. Rudi, omba idadi ya watu kwa namba. Akishaandika hiyo idadi, pigia skrinshoti, uliza jina la aliyekujibu, halafu ndio utume dipositi kwa till ya M-Pesa ya hoteli, si kwa namba ya simu ya mtu.

Kabla hujakwama na suiti piga hesabu. Tuseme suiti ni 12,000, vitanda viwili vya ziada 2,500 kila kimoja, hapo uko 17,000 na bafu ni moja. Vyumba vitatu vya vitanda viwili viwili kwa 5,000 ni 15,000, mabafu matatu, na shosho ana mlango wake wa kufunga. Omba vilivyo na mlango wa ndani kati yao, kama havipo basi vya kufuatana korido moja, na mzazi mmoja alale na wadogo. Apatimenti za mtaa wa Milimani, wa Kisumu na hata ule wa Nakuru, zinasaidia mkiwa wengi na mnataka kupika uji, lakini askari wa geti pia anajua kuhesabu, kwa hivyo mwambie mwenye nyumba ukweli.

Disemba na Agosti shule zikifungwa, ama wiki ya mbio za magari za Safari Rally kule Naivasha, kaunti hiyo ya Nakuru, buku mapema sana, maana hakuna chumba cha kukuongezea ukikosea.

Ukifika, usishushe mizigo. Ingia peke yako na skrinshoti, uonyeshwe vyumba, uhesabu vitanda na neti, halafu ndio uite watu. Shosho abaki kwa gari mpaka uhakikishe kitanda chake kipo.