Jinsi ya Kuendesha Mjadala wa Mtu Aliyenakiliwa

Mara ya kwanza nilipowapa wanafunzi wangu wa kidato cha tano kisa cha mashine ya kunakili watu, mjadala ulikufa ndani ya dakika kumi. Kijana mmoja alisimama akasema roho hainakiliki, wenzake wakapiga makofi, basi. Nilikuwa nimeanza kwa swali baya: "Yupi ni mtu halisi?" Tangu siku hiyo nimekirudia kisa hicho Jumamosi nyingi katika klabu yetu ya mdahalo hapa Tabora, na ninaandika haya kwa mwalimu mwingine anayetaka kukijaribu.

Kabla ya yote maliza suala la mapacha, maana litaibuka tu. Mimi mwenyewe ni Doto, na Kulwa wangu anaishi Shinyanga. Tumefanana kiasi kwamba mwenye duka aliwahi kumdai yeye deni langu la sukari. Lakini pacha si nakala. Tulitoka katika yai moja lililogawanyika, kisha kila mmoja akaishi maisha yake. Mtu wa kisa hiki amenakiliwa pamoja na kumbukumbu zake zote: anakumbuka harusi yako, anajua ulikoficha ufunguo, na yuko tayari kuapa kwamba yeye ndiye wewe. Andika ubaoni maneno mawili, "anayefanana" na "yuleyule", na usiyafute mpaka kipindi kiishe.

Sasa simulia. Kisa ninachotumia ni cha mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha 1984. Unaingia kwenye chumba kidogo, unabonyeza kitufe, unapoteza fahamu. Mashine inasoma kila seli ya mwili na ubongo wako, huku ikiuharibu mwili huo. Taarifa zinarushwa kwa kasi ya mwanga hadi sayari ya Mirihi, na huko mashine nyingine inaunda mwili kwa malighafi mpya. Anayeamka anakumbuka kubonyeza kitufe. Hata mkato mdogo wa wembe wa asubuhi ile bado upo juu ya mdomo wake. Safari iache iwe ya Mirihi. Niliwahi kuifanya ya Tabora hadi Dar es Salaam, darasa likaanza kulinganisha nauli na treni.

Ishia hapo kwanza. Uliza swali moja tu: "Wewe ungebonyeza?" Hesabu mikono, andika idadi ubaoni.

Hatua inayofuata ipe muda mrefu kuliko zote, nusu saa ikiwezekana. Waulize hivi: mtu ni kama pesa ya simu, au ni kama cheti? Unapomtumia mama elfu hamsini, hakuna noti inayosafiri. Kwako kunakatwa, kwake kunaingia, naye anakwenda kwa wakala anapewa noti nyingine kabisa. Hakuna mama aliyewahi kulalamika kwamba hizi sizo noti alizokuwa nazo mwanawe. Cheti ni kinyume chake. Kopi iwe safi namna gani, wakili hapaswi kuigongea muhuri kabla hajaona cheti chenyewe, kwa sababu thamani ya karatasi ile iko katika ilikotoka: nani aliitia saini, lini, kwa mkono upi. Wagawe makundi mawili, kisha katikati ya mjadala wabadilishane upande. Wa upande wa pesa watasema kilichomo ndicho muhimu, yaani kumbukumbu, tabia, mapenzi, na mwili ni noti tu. Wa upande wa cheti watauliza mbona mama anataka kumkumbatia mtoto aliyembeba tumboni. Usiwasaidie. Hapa ndipo wanapofikiri kwa bidii kuliko mahali pengine popote.

Wakishachoka, leta mashine mpya ya Parfit. Hii inasoma mwili bila kuuharibu. Unabonyeza kitufe, unatoka chumbani, uko bado duniani, na mwenzako tayari yuko Mirihi. Kisha unaambiwa kwamba mashine imeuharibu moyo wako na una siku chache tu za kuishi. Yule wa Mirihi ni mzima na ataendelea. Kwa lugha ya simu, pesa imeingia kwa mama na salio lako halijakatwa. Wawili hawawi mmoja, na kila mmoja anasema "ni mimi". Rudia swali la mikono. Kwangu idadi imekuwa ikishuka kila mara, ingawa yule wa Mirihi ameundwa vilevile kama wa mashine ya kwanza. Waulize basi: kilichobadilika ni nini?

Hapa tumia neno letu "nafsi", ambalo ni mtu wa ndani na pia ni nafsi ya sarufi. Mwaka 1970 mwanafalsafa mwingine Mwingereza, Bernard Williams, alionyesha kwamba kisa kilekile cha kubadilishana miili, kikisimuliwa kwa namna mbili, humvuta msikilizaji kwenye majibu yanayopingana. Fanyeni hivyo. Mwanafunzi asimulie kwanza kwa nafsi ya tatu: "Atakufa Alhamisi, lakini nakala yake itabaki." Halafu aseme sentensi hiyohiyo kwa nafsi ya kwanza: "Nitakufa Alhamisi." Darasa hunyamaza lenyewe.

Hoja ya roho usiizime. Ni hoja nzito, na wengi wanaishi kwayo. John Locke mwenyewe, mwanafalsafa wa kale aliyemweka mtu katika fahamu yake, mwaka 1694 aliifikiria roho ya mwana wa mfalme ikiingia katika mwili wa mshona viatu pamoja na kumbukumbu zake, akasema mtu huyo ndiye yule mwana wa mfalme, kwa kuwa fahamu yake inayafikia matendo yale ya zamani. Waulize wanaotetea roho: ikiwa roho imebaki duniani, yule wa Mirihi anayelia akimkumbuka mama yake analia kwa nini?

Mimi kumbukumbu siiamini moja kwa moja, na huwa nawaambia sababu. Nakumbuka vizuri uji wa moto ukinimwagikia mkononi tukiwa wadogo. Nakumbuka sufuria, nakumbuka maumivu. Kovu liko kwenye mkono wa Kulwa.

Mwishoni wape msimamo wa Parfit, wasidhani amewaacha njiani. Kwake, kuwa yuleyule sicho kinachojalisha. Kinachojalisha ni mwendelezo wa kumbukumbu, nia na tabia, na kufa huku nakala yako ikiishi ni karibu sawa na kuishi. Mimi simfuati hadi huko, kwa sababu ya ile sentensi ya Alhamisi. Lakini kila nikisoma kazi za wanafunzi nayumba.

Kazi yenyewe ni barua ya ukurasa mmoja, dakika ishirini, bila jina. Wewe ndiye uliyebaki duniani. Mwandikie yule wa Mirihi. Zikusanye, changanya, soma tatu kwa sauti bila kuzitolea maelezo. Mwaka jana binti mmoja aliandika mistari minne tu: "Mpigie mama kila Jumapili baada ya misa. Yeye husema hana shida, usimwamini. Deni la Neema nimeshalilipa. Usimwambie mama kwamba tulikuwa wawili."