Uzito ukigoma kushuka, anza na bakuli

Dada yangu ana kibanda cha chakula Mbagala, Dar es Salaam. Alipoanza kupunguza uzito alikuwa na kilo 96. Miezi minne ikamfikisha 87, halafu mizani ikaganda palepale wiki saba. Mimi ndiye niliyekuwa namsimamia, maana kazi yangu ni kufundisha mazoezi, na nilichomwagiza afanye kwa wiki tatu za mgomo huo kilikuwa kosa. Nimeandika hatua zote tulizopitia, ila ya nne ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Kama uzito wako umeshagoma, ruka uende huko.

Kwanza jambo moja. Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, au dawa za presha, pita kituo cha afya kabla hujapunguza chakula. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari au presha inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Na mjamzito au anayenyonyesha asifuate mwongozo huu.

Hatua ya 1: Pima kiuno, kisha uzito

Nunua futi ya fundi cherehani. Naiamini kuliko mizani yoyote. Izungushe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usibane tumbo. Kwa mwanamke tahadhari inaanza sentimita 80, na kwa mwanamume 94. Akizidi 88 mwanamke, au 102 mwanamume, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo imeshapanda sana.

Mizani tumia moja tu, alfajiri, ukitoka chooni, kabla ya chai. Andika kila siku kwenye daftari, na Jumapili tafuta wastani wa siku saba. Linganisha wastani na wastani, usilinganishe Jumanne na Jumatano. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki mbili za mwanzo utashuka zaidi ya hapo, na mengi ni maji: wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hushika maji, gramu moja ya wanga kwa karibu gramu tatu za maji. Mwili ukiutumia wanga huo, na maji yake yanaondoka.

Hatua ya 2: Sahani

Anza na vinywaji. Soda moja ya chupa ina karibu gramu 35 za sukari, na haikushibishi hata kidogo. Dada alikuwa anakunywa mbili kila siku. Kuziacha tu, bila kugusa chakula, kulimshusha.

Ugali usiuache. Nimeona wengi wakiuacha wiki mbili, ya tatu wanaurudia kwa hasira. Pima unga mkavu kabla hujasonga, kwa sababu ugali uliokwisha kusongwa unabeba maji na uzito wake unadanganya. Gramu 100 za unga wa mahindi ni karibu kalori 360. Mimi napendelea dona, inakaa tumboni muda mrefu.

Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usiyamimine. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120. Kama kwenu hampimi, chukua kalamu Jumatatu, chora mstari kwenye chupa pale mafuta yalipofika, kisha tazama tena Jumatatu ijayo. Nyumba ya watu wanne inayomaliza lita moja kwa wiki, kila mtu anakula karibu kalori 290 za mafuta kwa siku, na hapo mboga haijahesabiwa.

Jaza nusu ya sahani mchicha, kabichi au matembele. Kila mlo uwe na dagaa, samaki, mayai, maharage au kuku. Ukipungua uzito bila protini ya kutosha, misuli inaondoka pamoja na mafuta.

Chai za kupunguza tumbo ziache. Nyingi zinaharisha tu, unapoteza maji na chumvi. Kujifunga nailoni tumboni ukakimbia juani ni hivyohivyo, jasho likirudishwa na glasi mbili za maji uzito umerudi.

Hatua ya 3: Mazoezi

Kutembea haraka, dakika 30 hadi 45, siku tano. Mwendo ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mtu wa kilo 90 asianze kwa kukimbia, magoti yatamwambia. Siku mbili ongeza mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za kuegemea ukuta, na kunyanyua madumu ya maji ya lita tano.

Hatua ya 4: Uzito ukigoma

Hakikisha kwanza kwamba kweli umegoma. Siku nne si mgomo, na wiki moja pia si mgomo. Mimi nasubiri wastani wa wiki tatu mfululizo, na kiuno nacho kiwe hakijasogea. Kama kiuno kinapungua na mizani imesimama, endelea ulivyokuwa, usibadilishe kitu. Mwili unashika maji kwa sababu nyingi: umekula samaki wa chumvi, umeanza zoezi jipya na misuli inauma, hulali vizuri, au siku za mwezi zinakaribia. Wanawake ninaowafundisha nawaambia walinganishe wiki hii na wiki ileile ya mwezi uliopita, maana wengine hubeba kilo moja au mbili za maji kabla ya hedhi, na zinaondoka zenyewe.

Dada alikuwa ameshavuka yote hayo. Kiuno chake kilisimama sentimita 100, mizani 87. Hapo ndipo nilipokosea. Nikamwambia apunguze ugali wa mchana nusu, na badala ya kutembea akimbie. Wiki ya kwanza akavumilia. Wiki ya pili akaanza kulala mchana kwenye benchi la kibanda. Ya tatu goti la kulia likavimba na uzito ukawa 87.2. Akaniambia kwa unyonge, "Mdogo wangu, mimi sili kitu. Tangu asubuhi ni chai ya rangi. Labda mwili wangu ndivyo ulivyo."

Maneno hayo nayasikia kila mwezi kwa watu mbalimbali, na nataka uyaelewe vizuri. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine la Marekani lilichapisha utafiti wa watu kumi waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Walipopimwa kwa vipimo vya maabara, miili yao ilikuwa inatumia nguvu kama kawaida, ila walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichoandika. Hawakuwa waongo. Mkono hupeleka kitu mdomoni na kichwa hakiandiki. Kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze chakula ni kumpunguzia kile anachokiona, wakati kinachomrudisha ni kile asichokiona.

Kwa hiyo Alhamisi moja nikaenda kibandani saa 11 alfajiri, nikabeba bakuli la plastiki lenye kifuniko. Nikamwomba kitu kimoja: "Dada, kila unachoonja leo, chota kingine kama hicho uweke humu." Akacheka, akakubali.

Saa 12 alionja supu, upawa nusu. Nusu nyingine ikaingia bakulini. Akaonja tena baada ya kuongeza chumvi. Chapati ya kwanza hutoka imechanika kila siku, hiyo haiuzwi, anakula robo, robo nyingine mteja wa kwanza akichelewa. Andazi lililopasuka. Mchuzi wa nyama saa 4, vijiko vitatu. Maharage ya nazi, vijiko vitatu. Wali, kama umeiva au bado, tena wali baada ya dakika kumi. Mteja akabakiza vipande viwili vya chipsi, mkono ukaenda wenyewe, nikamwonyesha bakuli, akaweka na vingine viwili. Saa 8 mchana ukoko wa wali, wenye mafuta yote yaliyozama chini ya sufuria, na huo anaupenda tangu tuko wadogo.

Saa 9 tukafunua kifuniko. Bakuli lilikuwa limejaa hadi juu, mchuzi umepanda kwenye ukingo, vipande vya chapati vimelowa. Alilitazama kimya muda mrefu. Nikapima kwa mizani yake ya jikoni: gramu 740. Kwa hesabu yangu hazikupungua kalori 800, kwa kuwa nyingi ni chapati, nazi na mafuta. Mpango wetu ulikuwa kumpunguzia kalori 500 kwa siku.

Utauliza, mbona zile kilo tisa za kwanza zilitoka? Kuonja kulikuwepo tangu mwanzo, lakini soda na ugali wa usiku vilivyopunguzwa vilikuwa vikubwa kuliko kuonja. Halafu mwezi wa nne akaongeza chapati na supu ya asubuhi kwenye biashara, kuonja kukakua. Na mwili wenyewe ulikuwa umeshapungua. Mwili wa kilo 87 unatumia nguvu kidogo kuliko wa kilo 96, ukiwa umelala na hata ukitembea njia ileile. Sahani iliyokushusha mwanzo, baadaye inakutosha kubaki ulipo. Hili la pili linamkuta kila mtu, hata asiye na kibanda.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Weka bakuli siku tatu, mbili za kazi na moja ya mapumziko. Mapumziko ni muhimu, maana wengine wanachunga Jumatatu hadi Ijumaa na harusi ya Jumamosi inafuta yote. Kama hupiki, bakuli lako ni la aina nyingine: karanga za ofisini, mabaki ya uji wa mtoto, sukari ya chai. Vijiko vitatu vya sukari kwa vikombe vinne vya chai ni vijiko 12 kwa siku, na vikiwa vya kujaa ni zaidi ya kalori 200. Vinywaji weka kwenye chupa tupu. Usibadilishe ulaji siku hizo tatu, unataka kuona ukweli.

Kisha ondoa kimoja au viwili vikubwa, usiondoe vyote. Dada hawezi kuacha kuonja, wateja wangemkimbia kwa chumvi. Tulichofanya ni kubadili kifaa: anaonja kwa ncha ya kijiko cha chai, mara moja kabla ya chumvi na mara moja baada yake. Chapati iliyochanika inakwenda kwa kijana wa kuosha vyombo. Na saa 4 anakula mlo wake kamili, amekaa, mayai mawili na mchicha na kipande cha muhogo wa kuchemsha, kwa sababu niligundua nusu ya kuonja ilikuwa njaa ya mtu ambaye mimi mwenyewe nilimnyima ugali.

Ugali wake wa mchana nikamrudishia. Kukimbia tukaacha, tukarudi kutembea.

Tatu, tazama miguu yako nje ya mazoezi. Anayekula kidogo sana hupunguza mwendo bila kujua: anatuma mtoto dukani, anapanda bodaboda kwa kituo kimoja, anakaa kukatia vitunguu. Dada alikuwa amefika huko. Ukijiona hivyo, ongeza kidogo kwenye unachokula sasa, usizidi kupunguza.

Nne, kama bakuli liko safi na miguu inatembea, ndipo upunguze sahani, na iwe kidogo tu, kalori 150 hadi 200: kijiko kimoja cha mafuta na kipande cha ugali chenye ukubwa wa nusu ngumi. Subiri wiki tatu tena. Ukiwa umeshapungua miezi mitano au sita mfululizo na umechoka, pumzika wiki mbili kwa kula kiasi cha kubaki ulipo, ukiendelea kupima na kutembea. Uzito unaweza kupanda kilo moja wiki hizo. Ni maji yanayorudi na wanga, usiogope.

Tano, kama yote hayo umeyafanya kwa uaminifu na bado hakuna kinachosogea, na unasikia baridi wakati wenzako wanasikia joto, choo kigumu, uchovu usioisha, nenda upimwe tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo. Zipo pia dawa zinazoongeza uzito, kama insulini, dawa za jamii ya steroidi, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango. Usiache dawa mwenyewe. Mwulize daktari kama kuna mbadala.

Hatua ya 5: Baada ya mgomo

Uzito wa dada ulianza kushuka wiki ya pili baada ya lile bakuli, gramu 400, kisha 600. Sasa ana kilo 81 na kiuno sentimita 93. Anapima kila alfajiri kama zamani. Bakuli bado liko kibandani, kwenye rafu ya juu ya ndoo za maji, na kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi analishusha na kulijaza kwa siku moja. Mwezi uliopita lilifika chini ya robo, akanipigia simu saa 9 mchana nisikie akilipiga kwa kijiko.