Kabla ya dripu ya kwanza: saratani ya tumbo na damu inayoganda

Saratani ya tumbo na ya kongosho ndizo zinazoongoza kwa kugandisha damu mishipani. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alieleza jambo hilo mwaka 1865. Yeye mwenyewe akaja kupata donge la damu, akajua lililomo mwilini mwake, na mwaka 1867 saratani ya tumbo ikamuua.

Ugumu wake ni huu: damu inayoganda mguuni ndiyo hiyohiyo inayoweza kuvuja tumboni, kwenye kidonda cha saratani. Kwa hiyo, ninyi mnaouguza, msianze kemo, yaani dawa za kuua saratani, bila majibu mapya ya picha kamili ya damu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Tazameni chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita. Zikishuka chini ya 50,000, mara nyingi daktari hupunguza au husimamisha dawa ya kuzuia kuganda. Kemo nayo huzishusha, basi karatasi ya mwezi jana haina kazi.

Andikeni kila dawa anayomeza mgonjwa, hata ile ya dukani ambayo "si dawa bwana, ni ya mgongo tu". Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini huchokoza tumbo na kuongeza kuvuja damu. Warfarini, dawa ya kuzuia kuganda, ikikutana na kapesitabini, ambayo ni dawa ya kemo, hupata nguvu kupita kiasi. Na kama amewahi kuganda damu, daktari aambiwe kabla hajachagua sisplatini, dawa nyingine ya kemo, kwa sababu nayo huchangia kuganda.

Akipewa enoxaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ya kuchoma nyumbani, anayeuguza ajifunze mbele ya nesi, si kwa kuelekezwa kwenye simu. Unafinya nyama ya tumbo, mbali na kitovu, unaingiza sindano wima mpaka mwisho, unaachia ile nyama ukiwa umeshaitoa sindano. Kama dozi ni ya bomba zima, kile kipovu cha hewa usikitoe. Halafu usisugue! Hapo ndipo wengi tunakosea, maana tumezoea kusugua tangu chanjo za utotoni. Ukisugua unaacha alama nyeusi.

Ndugu wa kuchangia damu watafutwe mapema.

Mguu mmoja kuvimba, pumzi kukata ghafla, kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, homa ya 38: lolote kati ya hayo ni la kwenda hospitali usiku huohuo. Bandikeni ukutani namba ya wodi, na chini yake ya dereva anayepokea simu saa nane za usiku.