Somo: Kutoka vyumba vitatu Mkolani hadi kanyumba ka mita 6 kwa 5 mlimani

Wakuu, mwangaluka. Siku nilipowaambia wenzangu wa dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza, kwamba mimi na Baba Kulwa tunahamia nyumba ndogo, mmoja aliweka debe chini akanishika mkono: "Pole mama, umejuaje?" Tangu siku hiyo nasema kanyumba. Somo hili ni la kanyumba.

Tulikuwa tumepanga Mkolani, vyumba vitatu, sebule na stoo. Laki tatu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kila Januari na Julai inatoka 1,800,000, na Januari hiyo hiyo shule nayo inadai. Kiwanja tulikuwa nacho Buhongwa, juu kwenye mawe, tunasubiri tupate hela ya nyumba ya maana. Tulisubiri miaka tisa. Sasa ni mwaka wa tatu tunaishi ndani ya mita za mraba 30, sisi wawili na mapacha wetu wa kike.

Hatua ya 1: Chora kwa majivu

Kabla hujamwita fundi, chukua majivu ya jikoni uchore nyumba yako chini, kwa vipimo vyake halisi. Sisi tulichora uani kwa mwenye nyumba, jirani wakadhani ni mambo ya mganga. Kisha tukatoa kitanda, meza na makochi tukavipanga ndani ya mistari. Seti ya makochi ilimeza sebule yote, ukitaka kuingia unapanda juu ya kochi. Hapo ndipo Baba Kulwa alipoacha kubisha.

Mgawanyo tuliotoka nao: chumba chetu mita 3 kwa 2.6, cha watoto 3 kwa 2.4 chenye kitanda cha dabodeka, choo na bafu pamoja, sehemu iliyobaki sebule. Lala ndani ya majivu yako angalau mchana mmoja, ujue miguu inaishia wapi.

Hatua ya 2: Ondoa vitu

Kilichokaa stoo tangu mvua za mwaka jana bila kuguswa, kiuze. Usimpe dalali, tandaza nje Jumamosi watu wa mtaa wachague. Kabati la vioo na sahani za wageni dazeni nne zilininyima usingizi, nakiri. Zilinunua mbao za paa.

Hatua ya 3: Panga nje kabla ya ndani

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hesabu saa unazokaa ndani ukiwa macho. Mimi napika nje, nafua nje, nachambua mchele nje, watoto wanasoma nje hadi giza liingie, mgeni akija anataka upepo. Ndani tunalala na kufungia vitu. Kwa nini basi hela yote iende kwenye sebule?

Tulianza na mwembe uliokuwepo. Nyumba tuliisogeza ili kivuli cha saa tisa kiangukie barazani. Jiko tulilijenga pembeni, kuta za kiunoni na bati tatu, mahali ambapo moshi haurudi mlangoni. Kujua hilo, washa majani makavu siku mbili tatu, mchana na usiku, uangalie moshi unaelekea wapi. Huku kwetu mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka na kushuka kutoka nchi kavu. Mimi sikupima usiku, na jiko la kwanza ilibidi livunjwe. Baraza ina upana wa mita 2 na inaenda urefu wote wa nyumba. Ile ndiyo sebule yangu.

Hatua ya 4: Msingi na ukuta

Kwenye mawe unapata msingi bure nusu, lakini usipasue jiwe kabla hujaona limebeba nini. Mawe ya Mwanza yamekaliana. Ukitoa la chini, la juu linaweza kumshukia jirani. Tulichagua sehemu ambayo mwamba ni tambarare, tukasawazisha kwa mawe na zege. Jambo jingine: mwamba mtupu unashika joto la mchana na kulitoa usiku, kwa hiyo usiuegemeze ukuta wa chumba cha kulala.

Tofali za bloku inchi 6, za kusimamisha, zilikwenda 760 pamoja na zilizovunjika njiani. Gari liliishia bondeni, tofali zikapanda kichwani, na wabebaji wanahesabu kila moja. Ukipiga bajeti ya mlimani, weka kubeba kama mstari wake peke yake.

Kibali cha ujenzi unakiombea halmashauri hata kama nyumba ni ndogo. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na thibitisha kiwanja ofisi ya ardhi kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Hatua ya 5: Paa na maji

Paa la mgongo mmoja, mbele juu, nyuma chini kwenye tenki. Bati 10 za mita 8.5, geji 28 (namba ikipungua, bati ni nene zaidi). Tulizipandisha asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Moja tuliyoiacha hadi saa saba iliruka na mbebaji wake, mwenyewe akatua kwenye mihogo ya watu, salama, bati likakunjika kama chapati.

Hesabu ya maji ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu, pamoja na baraza, linafunika kama mita za mraba 60. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,200, toa inayoruka na kupotea, simtanki la lita 1,000 limejaa kwa mvua moja. Maji ya dakika za mwanzo yaachie yamwagike, yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzee wa Igoma: Mwanangu, msiba ukitokea watu utawaweka wapi?

Shikamoo mzee. Swali hili mama mkwe aliuliza kabla hajauliza choo kiko wapi. Tulifiwa na shemeji mwaka juzi. Turubai na viti vya kikundi cha mtaa vilikaa uwanjani, kina mama walilala kwa jirani wawili, sufuria kubwa zilikuwa chini ya mwembe. Hata Mkolani msiba haukukaa sebuleni, mzee. Ulikaa barabarani, na tulipigiwa honi.

Binti Sengerema: Dada, mkwe akija kulala?

Tumempandishia chumba kimoja cha nje, mita 3 kwa 3, mlango wake unatazama kwingine. Baba Kulwa hawezi kulala ukuta mmoja na mama yangu, na mimi simlazimishi. Asipokuwepo mgeni, kinakaa mahindi.

Mvuvi Mstaafu: Mimi nina eneo kabisa ufukweni, nijenge kibanda hapo?

Kaka, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na hata bila sheria, kumbuka 2020, ziwa lilipanda kuliko lilivyopanda 1964, watu wakatoa vitanda kwa mtumbwi.

Fundi Kijana: Choo mmechimba vipi kwenye mwamba?

Hatukuchimba. Chemba ya maji taka tumeijenga juu ya ardhi kwa zege, chini ya usawa wa nyumba ili mteremko ufanye kazi, gari la kunyonya linafika kwa mpira mrefu. Ulizia MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kwanza, baadhi ya mitaa ya milimani imewekewa mabomba membamba ya maji taka. Kwetu hayajafika.

Mama Wawili: Kodi ya jengo inapungua nyumba ikiwa ndogo?

Haipungui. Nyumba ya kawaida, isiyo ya ghorofa, inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi, kubwa au ndogo.

Mpangaji wa Nyegezi: Kuna kitu umejutia?

Mlango wa chumba. Tuliweka wa sentimita 70 kubana hela, godoro likapitia dirishani kabla ya nondo kuwekwa. Weka 80. Na lile kochi la watu wawili halikupata mnunuzi, lipo barazani. Kuku anatagia.