SOMO: Kikapu cha kupikia githeri na maharagwe bila kuchoma makaa mchana kutwa

Hamjambo wapendwa. Karibu kila wiki napokea ujumbe uleule: "Mama, ile githeri ya kikapu unaipikaje?" Nimejibu kwa simu, nimejibu ndani ya matatu, nimejibu hata tukitoka kanisani. Leo naandika yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hapa. Ila naomba msome mpaka mwisho kabla ya kuuliza, hasa hatua ya 4. Hiyo ukiiruka, utawaumiza watoto wako.

Kwanza tuelewane kuhusu kikapu chenyewe. Kikapu hakipiki. Kinazuia tu joto lisitoroke. Haragwe likishachemka vizuri halihitaji moto chini yake kwa saa tatu, linahitaji kukaa ndani ya maji ya moto sana kwa saa hizo. Makaa tunayoongeza kila mara ni ya kufidia joto linalotoroka kwenye mfuniko na ubavuni mwa sufuria. Ukiliziba lisitoke, unachoma moto kwa nusu saa au zaidi kidogo, kisha unaenda zako kazini, soko la Kibuye hapa Kisumu au shambani, na hakuna anayebaki nyumbani kulinda jiko. Kwa sisi tunaonunua makaa kwa mkebe na kujaza meko (mtungi mdogo wa gesi) pesa ikipatikana, tofauti inaonekana kabla mwezi haujaisha. Na si uvumbuzi wa juzi. Waingereza walipika hivi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwenye masanduku yaliyoshindiliwa nyasi kavu, kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa haba.

VITU UNAVYOHITAJI

Kikapu kirefu chenye mdomo mpana. Ukitumbukiza sufuria katikati, ibaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande na chini pia. Kama huna kikapu, katoni ngumu inafaa.

Vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani. Wengi hukupa bure, maana wao huvichoma. Walio Kakamega, Vihiga na Kisii watumie majani makavu ya migomba, yanashika joto vizuri na hayanunuliwi.

Shuka kuukuu la pamba, na sufuria yako ya kawaida. Sufuria zetu hazina mkono mrefu, kwa hiyo zinaingia vizuri. Mfuniko ukae sawasawa, usicheze.

Sponji ya godoro msitumie mahali inapogusana na sufuria. Harufu yake inaingia kwenye chakula.

HATUA

1. Shindilia vipande vya nguo chini na pembeni, acha shimo la ukubwa wa sufuria yako. Tandika shuka juu yake, ukunje kingo.

2. Shona mto mnene wa kufunika juu. Usifanye uvivu hapa, joto hupanda, na kikapu chenye mto mwembamba ni kazi bure. Mto uzibe mdomo wote bila kuacha upenyo.

3. Loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka mapya. Mahindi makavu loweka pia, kwenye chombo chake.

4. CHEMSHA KWELIKWELI. Hapa naomba mtulie mnisikilize. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Sumu hiyo inavunjwa na mchemko mkali, haivunjwi na joto la wastani. Maharagwe yakipashwa moto bila kufikia kuchemka, sumu yake inaweza kuzidi hata ya yale mabichi. Kwa hiyo ukiyatumbukiza kwenye maji ya thermos na kuyafungia kikapuni, yatalainika kiasi, yatanukia vizuri, na yatawalaza wote chini. Yalitupata nyumbani kwetu, nyumba nzima ilitapika usiku mmoja, na mdogo wa mwisho akaongezewa maji hospitalini. Sitaki yampate mwingine.

Kwa hiyo: maji yatokote, mapovu makubwa yakipasuka katikati ya sufuria, si yale madogo ya pembeni. Kuanzia hapo ndipo unahesabu dakika. Dakika kumi za mtokoto zinavunja sumu, lakini wataalamu wa chakula wa Marekani wanashauri nusu saa ili kuwa na uhakika, na mimi nafuata nusu saa bila kupunguza. Githeri ya mahindi makavu tanguliza mahindi peke yake dakika ishirini, ndipo uongeze maharagwe na kuhesabu nusu saa yake. Moto ukififia katikati, chochea na uanze kuhesabu upya. Usimwachie mtoto kazi hii akuambie "yamechemka". Nenda mwenyewe ukaangalie.

5. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Chakula kidogo hupoa haraka. Kama ni cha watu wawili, tumia sufuria ndogo na ujazie nguo pembeni.

6. Dakika tano za mwisho funika, mfuniko nao upate moto. Kikapu kiwe karibu na jiko. Epua ikiwa bado inatokota, pangusa chini, na kama ulipikia kuni au makaa hakikisha hakuna kaa lililonata, maana kikapu kinashika moto. Tumbukiza, funika kwa mto, kunja shuka juu yake.

7. USIFUNUE. Kila ukichungulia unatoa joto ambalo kikapu hakiwezi kulirudisha.

8. Maharagwe ya rosikoko, saa tatu hadi nne. Githeri ya mahindi makavu, saa tano. Ndengu, saa mbili. Ukifunua, mvuke utoke na supu iwe ya kuunguza kidole. Rudisha jikoni, itokote tena dakika kumi, ndipo ukaange kitunguu na nyanya.

Joto likishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu huanza kuzaana. Ukikuta chakula ni vuguvugu na hujui kimekaa hivyo muda gani, mwaga. Najua kumwaga chakula kunauma, lakini sumu ambazo vijidudu vingine huacha haziondoki hata uchemshe tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Kondele: Asante sana mama. Je, maharagwe yanalowekwa au ni moja kwa moja?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kijana wa Nyalenda: Mimi naishi peke yangu, hiyo nusu saa ya kuchemsha ni gesi nyingi. Siwezi kufanya dakika tano halafu niache kikapuni siku nzima? Si mwishowe yataiva tu?

Mwandishi: Hapana. Yatalainika, na kulainika si kuiva. Nimeeleza sababu kwa urefu na nimeandika hata kwa herufi kubwa. Kama gesi inakubana, chemsha ya siku tatu kwa mara moja, ugawe, na ya akiba uiweke kwenye friji ya jirani. Au pika ndengu. Hazina shida hiyo kama maharagwe mekundu, na hutumia moto kidogo.

Baba Pacha: Kwa nini mtu asinunue sufuria ya presha akamaliza mambo? Hii naona ni kujitesa.

Mwandishi: Aliye na pesa ya kuinunua na anunue, ni chombo kizuri. Somo hili ni la mwenye kikapu na vipande vya nguo. Tena sufuria ya presha inataka mtu awe karibu nayo, na mimi saa nne asubuhi niko kibandani, siko jikoni.

Mama wa Lanet: Dada, nimejaribu hapa Nakuru nikafuata kila kitu, nusu saa kamili, rosikoko, saa nne. Yalitoka yakiwa na kiini kigumu. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Hujakosea dada, na nimefurahi umeuliza kwa utaratibu. Kwanza ni mwinuko. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mko karibu 1,850. Kadiri unavyopanda, maji hutokota yakiwa na joto pungufu, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Huku yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi, kwenu 94. Sufuria yako inaingia kikapuni ikiwa tayari na joto pungufu, halafu baridi ya huko inamalizia. Ongeza dakika kumi na tano motoni na saa moja kikapuni, na ukifunge kikapu blanketi. Usikiweke sakafuni kwenye saruji, kiinue juu ya stuli au gunia.

Pili, angalia maharagwe yenyewe. Yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto huwa sugu, hayaivi hata kwa kuni. Rosikoko mpya ina rangi ya krimu yenye michirizi iliyo wazi. Ikizeeka inaiva rangi, inakuwa ya kahawia. Muulize anayekuuzia ni ya msimu gani, na ununue gorogoro moja ya kujaribu kabla ya kujaza gunia.

Mama wa Lanet: Kumbe! Yangu yalikuwa ya kahawia. Nitajaribu tena Jumamosi.

Mwalimu wa Bungoma: Na magadi je? Nyumbani mama hakupika maharagwe bila magadi.

Mwandishi: Mama hakukosea, magadi yanalainisha ganda kweli. Ila yanaharibu sehemu ya vitamini B, na ukizidisha kidogo tu ladha inakuwa ya sabuni. Mimi natumia kwa maharagwe sugu peke yake, ncha ya kijiko. Kuloweka vizuri kunatosha kwa mapya. Nyanya na ndimu ziwe za mwisho kabisa, kwa sababu uchachu unafanya ganda likaze.

Shemeji wa Mamboleo: Matumbo yanaiva kwa kikapu? Na omena?

Mwandishi: Omena ni ya dakika chache, haina haja ya kikapu. Matumbo yanaiva, lakini kata vipande vidogo, tokosha nusu saa, jaza sufuria, saa nne, halafu tokosha tena. Kipande kikubwa cha nyama nakataa, ndani yake panaweza kuwa bado pabichi wakati nje panaonekana pameiva.

Fundi Cherehani: Mama, niongezee hapo kwenye mto. Shoneni foronya mbili, ya ndani yenye vipande vya nguo na ya nje ya kuvulika. Mvuke unalowesha mto, na nguo iliyolowa haishiki joto. Ya nje ifuliwe, ya ndani ianikwe juani.

Mwandishi: Asante fundi, hilo nililisahau na ni la maana sana. Anikeni kila wiki, na msimu wa mvua zaidi ya hapo. Kikapu chenye unyevu kinaota ukungu.

Nyanya wa Ahero: Mwanangu, sisi huku tuna mchele. Wali unakubali?

Mwandishi: Shikamoo nyanya. Unakubali sana, na wala hauungui chini. Kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha maji, maana maji hayapotei kikapuni. Kaanga kitunguu chako, tia maji, yakitokota tia mchele, funika dakika tano, kisha kikapuni kwa saa moja. Ule siku hiyohiyo ukiwa moto. Wali uliokaa vuguvugu ni hatari kuliko watu wanavyodhani.

Nyanya wa Ahero: Marahaba. Basi nami nikupe langu. Maziwa yakishachemka, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie huku ukihesabu hadi kumi. Koroga vijiko viwili vya mtindi usio na sukari, funika, weka kikapuni ulale. Asubuhi yameganda mazito, watoto wanakula na ugali.

Mwandishi: Jamani, someni hapo kwa nyanya. Kikapu kinayatunza kwenye uvuguvugu ambao mtindi unaupenda. Kwa maziwa peke yake uvuguvugu ni sawa, kwa sababu mtindi unayachachusha na uchachu huo unazuia vijidudu vibaya. Msije mkasema nimeruhusu vuguvugu kwa githeri.

Dada wa Kondele: Sasa mama, nikiweka githeri saa tatu usiku nikaifungua saa kumi na mbili asubuhi, iko sawa kwa watoto wa shule?

Mwandishi: Swali zuri hili. Hizo ni saa tisa, ni nyingi. Sufuria kubwa iliyojaa, kikapu kinene, inaweza kutoka ikiwa bado inaunguza. Sufuria ndogo haitafika. Afadhali uloweke mchana, utokoshe jioni mkila, uweke kikapuni saa mbili, na anayeamka usiku kunyonyesha mtoto aitoe, aitokoshe dakika kumi, airudishe. Kama kwenu hakuna anayeamka, tokosha mchana na ule jioni mapema. Na kabla hujaanza kupikia watoto wa shule, jaribu kikapu chako kwa maji matupu. Jaza sufuria, tokosha, weka kikapuni, fungua baada ya saa sita. Yakiwa huwezi kutia kidole, kikapu ni kizima. Ukiweza kutia kidole, ongeza nguo chini na unenepeshe mto, ujaribu tena. Hayo maji usiyamwage, ogeshea watoto.